Dagaa Si Mboga ya Kufulia

Wanachuo wenzangu, kila muhula una kalenda mbili. Ya kwanza ni ile inayobandikwa ubaoni: usajili, vipindi, majaribio, UE. Ya pili haijaandikwa popote, lakini wote tunaifuata. Ni kalenda ya sahani. Wiki bumu linapoingia tunakula kuku na chipsi. Wiki ya tatu tunashuka kwenye wali maharage, na mara mojamoja perege wa kukaanga. Hela ikianza kukauka tunafika kwa dagaa. Ukishavuka dagaa hakuna kituo kingine, unabaki na ugali na matembele uliyochuma uani kwa mwenye nyumba.

Kwa mpangilio huo, dagaa amepata jina baya. Ukionekana unapepeta dagaa mlangoni kwa geto lako, mtu anakuuliza kwa huruma, "Vipi, umefulia?" Mimi ninasoma lishe hapa SUA na nimepanga Kilakala, na swali hilo nimeshalisikia vya kutosha. Ndilo lililonikalisha chini niandike. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kalenda yetu ya sahani, ukiitazama kwa upande wa virutubisho, imepangwa kichwa chini miguu juu. Huyu samaki mdogo tunayemkimbilia tukishaishiwa ana lishe kuliko vingi tunavyovinunua tukiwa nazo. Tatizo ni kwamba tunamdharau, halafu hata tunapomla tunamharibu wenyewe jikoni.

Twende taratibu.

Tuna samaki gani?

Ninaposema samaki wa maji baridi namaanisha wale wa maziwa, mito na mabwawa, maji yasiyo na chumvi. Morogoro mjini hatuna ziwa, lakini samaki hawako mbali. Bwawa la Mindu kwenye mto Ngerengere, hilohilo linalotupa maji ya bomba, lina perege na kambare. Ukienda Ifakara, mto Kilombero na tambarare zake za mafuriko umelisha watu kwa vizazi. Wanaosafiri kati ya Iringa na Dodoma wanawajua samaki wa Mtera wanaouzwa barabarani. Kingolwira, nje kidogo ya mji, kuna kituo cha taifa cha ufugaji samaki, na hapa chuoni wenzetu wanaosoma ukuzaji viumbe maji wana mabwawa yao Magadu.

Halafu kuna wageni wa kudumu: dagaa wa Mwanza kutoka Ziwa Victoria, dagaa wa Kigoma kutoka Ziwa Tanganyika, na usipa wa Ziwa Nyasa. Kwa wataalamu hawa ni samaki wa spishi tofauti. Kwetu walaji wote ni dagaa, na wana sifa mbili zinazofanana.

Sifa ya kwanza, dagaa mkavu hahitaji friji. Perege akitolewa bwawani alfajiri, jua la saa nane mchana likimkuta bila barafu ameshaharibika. Dagaa aliyekaushwa vizuri anasafiri kutoka Mwanza au Kigoma, anashushwa Soko Kuu la Chifu Kingalu, anapimwa kwa kopo, kisha anapanda Milima ya Uluguru kwa bodaboda na mwisho kwa kichwa cha mtu. Kabichi na njegere za Mgeta zinashuka mlima, dagaa anapanda. Kwa kaya nyingi za huko juu, huyu ndiye samaki anayefika akiwa bado analika.

Sifa ya pili ndiyo itakayobeba makala hii yote: dagaa analiwa mzima. Kichwa, mfupa, jicho, tumbo, vyote vinaingia kinywani. Hapo ndipo siri ilipo.

Mnofu wa samaki una nini?

Tuanze na samaki kwa ujumla. Gramu 100 za mnofu mbichi wa perege zina takriban gramu 20 za protini, na mafuta yasiyofika gramu 2. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku. Kwa hiyo kipande kimoja cha wastani kinakusogeza mbali.

Lakini protini si idadi tu. Protini imejengwa kwa asidi amino, na zipo ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile. Mahindi ni maskini wa mbili kati ya hizo, laisini na triptofani. Maharage yana laisini ya kutosha lakini methionini yake ni kidogo. Ndiyo maana ugali na maharage vinasaidiana, na mabibi zetu waliliona hilo kabla ya maabara. Samaki anazo zote kwa kiwango kizuri. Ukiongeza samaki kidogo kwenye sahani ya ugali maharage, unaziba mapengo ambayo ugali peke yake ungeyaacha wazi hata ungekula mlima.

Kisha kuna vitamini B12. Hii inahusika kutengeneza chembe nyekundu za damu na kulinda neva. Mimea haina. Mchicha hauna, maharage hayana, dona haina. Unaipata kwenye vyakula vya wanyama: nyama, maziwa, mayai, samaki. Mtu akiikosa kwa muda mrefu anaanza kuchoka bila sababu, ganzi inamwingia mikononi na miguuni, na kichwa kinakuwa kizito kukumbuka mambo. Gramu 100 za perege zinakupa karibu theluthi mbili ya mahitaji ya siku. Kipande hichohicho kinakupa karibu robo tatu ya seleniamu unayohitaji, madini yanayosaidia kinga ya mwili na kazi ya tezi ya shingo. Kuna pia vitamini D, ambayo vyakula vichache sana huwa nayo.

Na mafuta? Wengi tumesikia habari za omega-3, mafuta yanayosaidia moyo na yanayojenga ubongo na jicho la mtoto akiwa bado tumboni. Hapa niseme ukweli: mnofu wa perege una omega-3 kidogo. Samaki wa baharini wenye mafuta mengi, kama vibua, wanamzidi kwa mbali. Dagaa ana mafuta kuliko perege, hivyo omega-3 yake nayo ni zaidi, na kwa sisi tulio mbali na ferri ya Dar es Salaam hiyo si haba.

Kilichotupwa kwa paka

Sasa tuje kwenye kalsiamu, madini ya mifupa na meno. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Gramu 100 za mnofu wa perege zina miligramu 10 hivi. Umesoma vizuri, kumi. Ungetaka kutimiza mahitaji ya siku kwa mnofu wa perege pekee, ungekula kilo kumi.

Je, perege hana kalsiamu? Anayo, tena nyingi, ila ipo kwenye mifupa. Na mifupa ya perege tunampa paka wa mwenye nyumba.

Kwa dagaa hakuna cha kumpa paka. Gramu 100 za dagaa wakavu wanaoliwa wazima zina zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu. Msomaji makini wa kitivo cha sayansi atanirukia: "Unalinganisha mkavu na mbichi, hiyo si haki." Ni kweli. Samaki mbichi ni maji kwa robo tatu au zaidi ya uzito wake, wakati dagaa aliyekaushwa vizuri hubaki na maji kama asilimia kumi. Basi tumrudishie dagaa maji yake, tugawe kwa nne. Tunapata miligramu 250. Bado ni mara 25 ya mnofu wa perege.

Hivyohivyo kwa madini ya chuma na zinki. Mnofu wa perege una chuma chini ya miligramu moja kwa gramu 100. Samaki mdogo anayeliwa na viungo vyake vyote ana chuma mara kadhaa zaidi, kwa sababu chuma hukaa zaidi kwenye damu, ini na viungo vya ndani kuliko kwenye mnofu mweupe. Vitamini A nayo hukaa kwenye ini na macho. Kwa maneno mengine, tunapolipia minofu safi isiyo na mwiba tunalipia kipande kizuri cha protini, na sehemu kubwa ya madini imeshabaki kwenye meza ya mchinjaji.

Tupige hesabu ya mfuko

Najua wengine mtasema lishe ni maneno, shida ni hela. Sawa, tupige hesabu.

Nunua kilo moja ya perege wazima. Ukitoa magamba, matumbo, kichwa na mifupa, unabaki na kama nusu kilo ya kuliwa. Nusu kilo kwa gramu 20 kila mia, hiyo ni gramu 100 za protini.

Nunua kilo moja ya dagaa wakavu. Protini yake ni kama asilimia 60 ya uzito. Hizo ni gramu 600. Toa mchanga na vipande vilivyovunjika, tuseme unabaki na 550.

Maana yake, ili perege na dagaa walingane kwa bei ya protini, kilo ya dagaa ingepaswa kuuzwa zaidi ya mara tano ya kilo ya perege. Siku niliyopita sokoni kuulizia, haikuwa hata mara mbili. Usinitegemee mimi, bei zinabadilika kila msimu. Nenda mwenyewe, uliza bei zote mbili, gawa ya kwanza kwa 100 na ya pili kwa 550. Utajua nani anakuibia.

Kiasi cha mlo mmoja ni gramu 30 za dagaa wakavu, sawa na konzi moja iliyojaa vizuri. Hiyo konzi ina kama gramu 18 za protini, zaidi ya theluthi moja ya mahitaji ya siku, na angalau miligramu 300 za kalsiamu. Geto la watu wanne wakila dagaa siku moja na kupumzika siku moja, kwa mwezi wanahitaji kilo 1.8. Changeni, nunueni kwa pamoja bumu likiwa bado la moto. Dagaa mkavu anakaa, ndiyo maana ya kukaushwa.

Habari ya damu

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo jambo lenyewe linapouma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 42 wana upungufu wa damu. Miaka saba hivi kabla yake walikuwa 45. Umri huo ndio wa dada zetu wote tulio nao darasani. Kwa hiyo ukikaa ukumbini kwenye kipindi cha saa nane mchana na kuona mtu anasinzia, usiharakishe kumwita mvivu. Huenda damu yake haibebi hewa ya kutosha kufika kichwani.

Upungufu wa damu una sababu nyingi: malaria, minyoo, hedhi nzito, magonjwa ya kurithi. Chakula hakiwezi kuziondoa zote, na mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara aende kupima. Lakini chuma kwenye sahani ni sababu kubwa, na tunaweza kuishughulikia leo. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji chuma mara mbili ya mwanamume au zaidi. Bahati mbaya, mlo wetu wa kila siku una chuma cha mimea ambacho mwili hukichukua kwa shida.

Samaki anasaidia kwa njia mbili. Kwanza, sehemu ya chuma chake ni ya aina ileile iliyo kwenye damu, na mwili huipokea kwa urahisi. Pili, na hili wengi hawalijui, nyama au samaki akiliwa pamoja na mboga za majani au maharage, anaufanya mwili uchukue chuma zaidi kutoka kwenye hayo maharage na hizo mboga. Dagaa kidogo ndani ya mchicha anakuwa kama mtu anayewashika wenzake mkono na kuwaingiza ndani.

Kamulia ndimu au malizia kwa chungwa: vitamini C inaongeza kazi hiyo. Kinachoiharibu ni chai. Chai ya majani na kahawa zinafunga chuma kisipite. Kama unapenda chai, kunywa saa moja kabla ya kula au saa moja baadaye, usiteremshie nayo ugali.

Na tusifikiri haya ni ya wanachuo tu. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Mwili unajengwa kuanzia tumboni kwa mama, na baadhi ya akina mama hao tuko nao darasani leo. Miaka michache ijayo wengine wetu tutakuwa maafisa ugani, walimu na wauguzi huko Matombo, Mgeta na Kilombero. Tukienda na dharau hii ya dagaa, ndiyo tutakayowafundisha watu.

Somo la Bangladesh

Dharau hii si yetu peke yetu. Bangladesh wana samaki mdogo wa mabwawani anayeitwa mola. Kwa miaka mingi wafugaji walimhesabu kuwa takataka. Kabla ya kupandikiza samaki wakubwa kwenye bwawa walikuwa wanaweka sumu kwanza ili kuwamaliza hawa wadogo. Watafiti wa lishe walipompima mola walikuta ana vitamini A nyingi mno kuliko samaki wakubwa waliokuwa wanatunzwa, na kwamba anaweza kuishi nao bwawa moja bila kuwapunguza. Sumu ilikuwa inaua sehemu yenye lishe zaidi ya bwawa lote. Mmoja wa watafiti walioongoza kazi hiyo, Shakuntala Haraksingh Thilsted, mzaliwa wa Trinidad, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2021.

Sisi hatuwawekei dagaa sumu, lakini tuna namna yetu. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria haiingii kwenye sufuria ya mtu, inasagwa kuwa chakula cha mifugo, hasa kuku. Ukimla yule kuku wa wiki ya bumu, unamla dagaa aliyepitia tumbo la mwingine, na sehemu nzuri ya protini na madini yake imepotea njiani. Umelipa zaidi kupata kidogo. Kwa upande wa taifa, wastani wa dunia ni zaidi ya kilo 20 za samaki kwa mtu kwa mwaka, na sisi wenye maziwa makuu matatu hatufiki hata nusu ya hapo.

Tunavyomharibu jikoni

Sasa tuseme umekubali, umenunua. Namna ya kupika inaweza kukurudisha ulipotoka.

Kutoa vichwa. Wengi tumelelewa hivyo, kwa sababu ya uchungu au mazoea. Ukitoa kichwa unatupa macho yenye vitamini A na mfupa wenye kalsiamu. Kama dagaa wako ni wadogo, acha vichwa. Kama ni wakubwa na utumbo wao ni mchungu, toa utumbo, bakiza kichwa.

Kuchemsha na kumwaga maji. Wapo wanaochemsha dagaa mara mbili ili kuondoa harufu. Vitamini za kundi B zinayeyuka kwenye maji, ukimwaga umezimwaga. Pepeta kwanza mchanga utoke, osha kwa maji ya vuguvugu haraka mara mbili au tatu, basi. Harufu inaondolewa na ndimu, tangawizi na kitunguu.

Kukaanga mpaka wawe mkaa. Mafuta mengi na moto mkali vinaharibu yale mafuta mazuri na kukuongezea mengine usiyoyahitaji. Kaanga kidogo wakauke, weka nyanya na kitunguu, acha viivane. Ukipata karanga za kusaga au tui la nazi, ongeza. Kwa wenye haraka, dagaa wa nyanya chungu kwenye sufuria moja ni kazi ya dakika ishirini.

Na kama huwezi kuvumilia kuwaona wakikutazama kwenye sahani, kaanga wakavu bila mafuta, twanga au saga, chekecha. Unga huo unaingia kwenye mchicha, kwenye mchuzi wa maharage, hata kwenye uji wa mtoto, ambaye hapaswi kupewa dagaa wazima kwa sababu ya miiba.

Mipaka yake

Nisije nikaonekana nimeajiriwa na wauza dagaa, kwa hiyo niseme na yale ambayo hawezi.

Samaki wa maji baridi ana madini joto kidogo kuliko wa baharini. Chumvi yenye madini joto bado ni lazima, hasa kwa watu wa milimani. Hana vitamini C wala nyuzinyuzi, hivyo bila mboga na matunda mlo haujakamilika. Mwenye jongo apunguze dagaa, kwa kuwa wanaongeza ile asidi inayoleta maumivu ya viungo. Mwenye shinikizo la damu awe mwangalifu na samaki waliotiwa chumvi nyingi. Mwenye mzio wa samaki anajijua, asijaribu.

Angalia pia unachonunua. Dagaa wazuri wanang'aa rangi ya fedha, ni wakavu ukiwavunja wanakatika, na harufu yao ni ya samaki, si ya uvundo. Wakiwa wamepauka, wana unyevu au ukungu, waache hata kwa bei ya bure, maana ukungu huleta sumukuvu na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Waliokaushwa kwenye chanja wana bei kidogo kuliko walioanikwa mchangani, lakini mchanga nao unaulipia kwa kilo.

Faida moja ya mwisho: samaki mdogo yuko chini kwenye mnyororo wa chakula na haishi miaka mingi. Uchafu kama zebaki hujilimbikiza zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao. Kwa hiyo hata kwa hilo udogo wake unamsaidia.

Ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi

Nina mapendekezo matatu, na hakuna linalohitaji mfadhili. La kwanza, kamati inayohusika na chakula izungumze na wenye kantini na mama ntilie wanaotuhudumia, dagaa waingie kwenye ratiba angalau mara mbili kwa wiki, wakipikwa wazima na mboga za majani, tena siyo wiki za mwisho wa muhula pekee. La pili, mabweni na mageto yachange na kununua kwa jumla mwanzoni mwa muhula. Kilo moja ni milo 33, gawa bei uone. La tatu, sisi wa lishe tupewe meza moja siku ya kupokea mwaka wa kwanza, tuwaonyeshe kuchagua, kuosha na kupika, kabla hawajafundishwa na sisi wenyewe ile kalenda ya sahani.

Kwa msomaji mmoja mmoja, sina cha kukuagiza zaidi ya hiki. Bumu likiingia, kabla hujapiga simu kwa muuza chipsi, tenga hela ya nusu kilo ya dagaa. Ni milo 16. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na unyevu na panya. Kula kuku wako kwa amani, starehe si dhambi. Ila siku utakapofungua lile kopo, ulifungue mapema, mfukoni ukiwa bado na hela ya ndimu na ya mchicha.